Mama, Nairobi na hoteli ya nyota tano

Wadau, samahani kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa Nairobi, na safari hii sikwenda kikazi.

Niwape siri moja ya sisi waandishi wa habari. Hoteli kubwa tunazijua sana, ila tunazijua kwa upande wa kumbi za mikutano. Unaingia saa tatu asubuhi, unasaini karatasi ya mahudhurio, unakunywa chai na sambusa mbili, unamsikiliza mgeni rasmi, unakula mchana, unapewa nauli, unarudi chumba cha habari kuandika. Kwa hesabu yangu nimeshakula sambusa nyingi katika hoteli za nyota tano kuliko nyumbani kwetu. Lakini vyumbani? Thubutu! Huko juu lifti inakopanda nimefika mara moja tu, nilipomhoji waziri mmoja akiwa amesimama mlangoni, dakika nne, kisha mlango ukafungwa.

Sasa mama yangu amestaafu ualimu. Mimi ni kitinda mimba wake, na tangu nianze kupata mshahara nilikuwa nimemwahidi kitu kimoja: nitakupeleka Nairobi, na utalala hoteli ya kweli. Sisi ni watu wa Arusha. Kutoka kwetu hadi Nairobi hazifiki kilomita 300, unapanda basi asubuhi, unavuka Namanga, mchana umefika. Mama hajawahi kufika. Miaka sitini na kitu, hajawahi.

Sababu yake ni babu. Babu, baba yake mama, alifanya kazi hotelini Nairobi tangu miaka ya sitini. Alikuwa akirudi Krismasi na zawadi, na kila mwaka aliwaambia watoto, "Mwaka ujao nitawachukua mkauone mji." Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa mwezi wa pili, babu akawa amesharudi na sanduku lake. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, mama alikuwa na mambo yake na babu alikuwa na shamba lake. Ile "mwaka ujao" haikufika. Babu mwenyewe alishatangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo mniwie radhi kama nilikuwa na papara.

Nikaanza utafiti kama ninavyofanya nikitafuta habari. Nilifungua daftari nikaandika majina matatu: Norfolk, Serena, Stanley. Kuna hoteli nyingine nzuri na mpya, hasa upande wa Westlands, lakini haya matatu ndiyo niliyoyasikia tangu utoto. Kuna rafiki alinishauri Hilton ya katikati ya mji, lile ghorofa la mviringo ambalo kila mtu aliyekwenda Nairobi zamani ana picha mbele yake. Nikamwambia ndugu yangu, umechelewa, ile iliyofunguliwa 1969 ilifungwa mwishoni mwa 2022. Na Intercontinental, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1969, nayo ilifungwa 2020. Somo la kwanza: usichague hoteli kwa kumbukumbu za mjomba.

Somo la pili ni kuhusu nyota. Nchi za Jumuiya yetu zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli, na watu wengi tunadhani nyota ni alama za uzuri kama za mtihani. Kumbe nyota kwa sehemu kubwa zinahesabu vitu vilivyopo: vyumba vina ukubwa gani, kuna lifti, kuna migahawa, huduma inapatikana saa ngapi. Haziwezi kukuambia dirisha lako litatazama nini. Niliwahi kutumwa na ofisi kwenye mkutano katika jiji fulani, mwenyeji akatulaza hoteli ambayo sitaitaja, yenye sifa zote na picha za kuvutia kwenye tovuti. Haikuwa ya nyota tano, lakini ilijiita ya kifahari. Chumba changu kilitazama jenereta. Umeme ulikatika usiku mbili mfululizo. Asubuhi nilikuwa naandika habari huku masikio yananguruma. Toka siku ile, kabla sijalipa popote, napiga simu mapokezi na kuuliza: chumba kinatazama upande gani, jenereta iko wapi, na kuna muziki ghorofa ya ngapi? Mtu wa mapokezi akikujibu bila kubabaika, hiyo tayari ni nyota moja.

Somo la tatu ni bei. Bei ya kwanza unayoiona si lazima iwe bei utakayolipa. Kenya kuna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na tozo ya utalii, asilimia 2. Kuna hoteli zinatangaza bei ikiwa na kila kitu ndani, kuna nyingine zinakuwekea mwishoni. Tuchukue mfano wa chumba cha dola 200 ambacho bei yake haina kodi: ukijumlisha hizo asilimia 18 umefika 236, na hujanywa hata maji. Halafu uliza kama kifungua kinywa kimo, na ni cha watu wangapi. Kumbukeni hilo swali la watu wangapi, nitalirudia.

Basi nikawa nalinganisha. Norfolk ilinivutia kwa historia. Ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, imeona mengi. Serena ina utulivu, iko kando ya bustani, na sisi waandishi tunaikumbuka kwa sababu mazungumzo ya upatanishi yaliyoongozwa na Kofi Annan mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, yalifanyika pale. Stanley iko katikati kabisa ya mji, pembeni mwa barabara ya Kimathi na Kenyatta, na ilianzishwa mwaka 1902 na mwanamke, Mayence Bent, ingawa jengo la sasa silo lile la mwanzo.

Hapa katikati kikatokea kishawishi. Afisa uhusiano mmoja ninayefahamiana naye (si wa hoteli yoyote niliyoitaja) aliposikia natafuta hoteli akaniambia, "Kaka, unahangaika nini? Njoo kwetu na bi mkubwa, mtalala siku mbili. Wewe utaandika kitu kizuri, basi tumemalizana." Sitawadanganya, nililala nikilifikiria. Siku mbili bure! Mama angefurahi na asingejua. Lakini nilijiuliza: nikilazwa bure na chumba kikiwa kinatazama jenereta, nitaandika nini? Na mama akiniuliza "umelipa kiasi gani?" nitamjibu nini? Mama alikuwa mwalimu wa zamu miaka chungu nzima, ukimdanganya anakutazama tu mpaka unajitaja mwenyewe. Nikamshukuru yule ndugu, nikasema hapana. Sikuikataa kwa ushujaa. Niliikataa kwa kumwogopa mama.

Nilipoona daftari limejaa, nikaenda nyumbani Jumapili kumwonyesha. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumsomea kama mtu anayesoma ripoti ya kamati. Nikaanza na Norfolk. Mama alifundisha historia, nikadhani itamgusa. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Hiyo si ndiyo iko mkabala na pale walipouawa watu wa Harry Thuku?"

Ni kweli. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai Thuku aachiwe, askari wakafyatua risasi, na inaelezwa kwamba hata walowezi waliokuwa barazani pa hoteli walifyatua. Leo barabara ile inaitwa Harry Thuku, na ng'ambo kuna Chuo Kikuu cha Nairobi.

"Nitakwenda kupatazama," mama akasema. "Kulala, hapana. Sitapata usingizi."

Nikaenda Serena. Akasema bustani ni nzuri, lakini bustani anayo nyumbani na inamsubiri palizi. Nikaanza kueleza hoteli mpya za Westlands, barabara ya juu kwa juu iliyofunguliwa 2022, mabwawa ya kuogelea...

"Baba," akanikatiza. Mama huniita baba akiwa ananipenda au akiwa amechoka nami. "Mimi kitanda ninacho. Nionyeshe mji."

Jamani, hapo ndipo nilipotambua kwamba wiki tatu zote nilikuwa sijamuuliza anataka kuona nini. Mwandishi wa habari mzima! Nimepiga simu mapokezi tano, nimeuliza mambo ya jenereta na kodi, msafiri mwenyewe sijamhoji.

Nikageuza ukurasa mpya nikamuuliza. Akataja vitu vinne, bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa navyo siku nyingi. Kwanza, jengo refu la mikutano, KICC, ambalo babu aliliona likijengwa. Pili, bustani ya kumbukumbu ya mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998, kwa sababu siku ile alikuwa shuleni na habari za Nairobi na za Dar es Salaam zilifika pamoja kwa redio. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Tatu, hapo pa Harry Thuku. Na nne, akasita kidogo, akasema:

"Babu yako alikuwa anasema kuna hoteli ina mti, na wazungu wanabandika barua kwenye mti. Wanaandikiana. Sisi tulikuwa tunacheka, tunasema baba anatufanya watoto. Huo mti upo?"

Nilinyamaza kidogo. Upo. Ni mgahawa wa Thorn Tree, pale Stanley. Ulifunguliwa mwaka 1959 na mgunga wake, na wasafiri waliokuwa wakipita Afrika Mashariki walikuwa wakiachiana ujumbe kwenye shina lake, maana simu za mkononi hazikuwepo. Nilikuwa nimesoma habari hiyo wiki moja kabla, nikaipita kama kichekesho cha watalii.

Sasa niseme ukweli kama inavyotakiwa: sina ushahidi kwamba babu alifanya kazi Stanley. Yeye alisema "hotelini" tu, siku zote. Huenda alikuwa nyingine ya jirani na alikuwa akipita pale. Sikutafuta kuthibitisha na sitaandika kama habari. Lakini uchaguzi ulikuwa umekwisha. Stanley iko katikati, KICC unakwenda kwa miguu, bustani ya kumbukumbu unakwenda kwa miguu ukipumzika njiani, na mti uko mlangoni. Mama ana magoti mabovu na hapendi teksi. Ukikaa Westlands kila kitu ni foleni.

Likabaki suala la hela. Mimi na mama hatuwezi kulala chumba kimoja, mtu mzima hulali chumba kimoja na mama yako, kwa hiyo vyumba viwili. Usiku tatu mara vyumba viwili, nikapiga hesabu nikafunga daftari. Nikapiga tena. Vijisenti vyangu vilitosha usiku mmoja, chumba kimoja. Usiku mbili zilizobaki tungelala hoteli ndogo safi mitaa ya chini, vyumba viwili, na hela ya chakula ingebaki. Nikalipia hivyo. Mama nikamwambia tu kwamba usiku wa kwanza mimi nitakuwa "hapohapo jirani".

Siku ya safari mama akatoka na begi la shangazi kaja. Lile la mistari, la nailoni, limejaa. Ndani kuna maharage, kuna ndizi, kuna chupa ya asali, vitu vya kumpelekea binamu yake aliyeolewa huko. Nilimnunulia sanduku la magurudumu. Akaweka nguo mbili humo, vingine vyote kwenye shangazi kaja. Nikamwambia, "Mama, pale tunapokwenda..." Akanitazama. Nikabeba.

Niwaambie jambo ambalo sijivunii. Kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni nilikuwa nawaza begi tu. Hoteli kubwa za Nairobi zina ukaguzi mkali, na si ajabu, baada ya 1998, baada ya Westgate mwaka 2013, baada ya shambulio la Riverside Januari 2019. Kila mzigo unapita kwenye mashine. Nikaona maharage na ndizi zetu zinavyoingia kwenye ile mashine, nyuma ya watu wenye masanduku yanayong'aa, nikatamani nisimame mbali kidogo na mama yangu. Nilisogea hatua moja. Moja tu, lakini nilisogea.

Mlinzi akatazama kioo chake, akatabasamu, akasema, "Mama, hizo ndizi ni za wapi?" "Za Arusha," mama akajibu. "Karibu sana Nairobi, mama." Mbeba mizigo akalichukua lile begi kwa mkono wa kulia na sanduku kwa mkono wa kushoto, bila kubagua, akatangulia. Nikarudi ile hatua yangu. Sijui kama mama aliiona. Nadhani aliiona.

Mapokezi walitaka dhamana ya kadi kwa matumizi ya chumbani, jambo jingine la kuuliza mapema maana hela hiyo inashikiliwa mpaka unapotoka. Nikampandisha mama mpaka chumbani kwake. Hakutazama televisheni, hakutazama bafu. Alikwenda kitandani akainamia upande wa miguu, akavuta kona ya shuka. Mama anatandika kitanda kwa namna ambayo babu aliwafundisha wote: kona inakunjwa pembe tatu, inachomekwa, inabana mpaka unaweza kuidundisha sarafu. Utotoni tulichapwa kwa ajili ya kona hizo. Akaipapasa, akatikisa kichwa kukubali. "Wanajua," akasema.

Jioni tukakaa chini ya mti. Uliopo leo si ule wa kwanza, umepandwa upya, na nilimweleza hivyo. Tukaagiza chai mbili kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mama husoma ninayoandika. Aliutazama muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe hakutudanganya." Akanywa chai yake mpaka tone la mwisho.

Saa nne usiku nikamuaga, nikatembea mitaa minne mpaka gesti yangu, chumba cha shilingi chache chenye taa moja na ndoo. Nililala fofofo.

Asubuhi nikarudi kumchukua. Nikapiga simu chumbani, akasema nipande. Nikamkuta mhudumu wa vyumba, dada mmoja wa makamo, kasimama katikati ya chumba na mashuka safi mikononi. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Na mama.

"Mama, hii ni kazi yangu," dada analalamika huku anacheka.

"Ilikuwa ya baba yangu," mama akamjibu.

Yule dada akainama akaitazama kona, akaipapasa kama mama alivyofanya jana yake. Hakusema kitu. Akaweka mashuka kitini, wakaanza kuzungumza habari za magoti. Niliwasubiri dakika kumi na tano mlangoni, pale ambapo kikazi ndipo mwisho wangu.

Tulipotoka nje tukakaa kwenye benchi kupanga njia ya kwenda KICC. Mama akafungua mkoba wake, akatoa leso, akaifungua. Mayai mawili ya kuchemsha, mikate miwili midogo, na kipande cha jibini.

"Kifungua kinywa kilikuwa cha mtu mmoja," akasema. "Ulidhani sitajua? Kula."

Nikala. Kwa hiyo wadau, mkiniuliza kuhusu kulala hoteli ya nyota tano Nairobi, mulizeni mama. Mimi mpaka leo sijalala. Ila mayai yao ni mazuri.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.